Mtu Pembeni mwa Picha

Ukitaka kumtibua Wilf Ormerod, katiza mbele ya kamera yake wakati garimoshi linakuja. Hakuwa mtu wa hasira. Miaka yote aliyokata soli katika kiwanda cha viatu vya kuvalia nyumbani, hapa bondeni kwetu Uingereza, sikusikia amegombana na mtu, na jirani aliyemkatia waridi zake kwa makosa alikaribishwa chai. Lakini kando ya reli, jicho moja amelifumba na jingine liko kwenye kamera, alikuwa mtu mwingine kabisa. Kondoo walifukuzwa. Mchungaji wa kanisa aliyekuwa matembezini na mbwa wake alifukuzwa. Hata Muriel, mke wake wa ndoa, alifukuzwa.

Nisionekane ninamsengenya peke yake, chama chetu kizima kilikuwa hivyo. Sisi ni watu wa picha za magarimoshi ya zamani, yale ya makaa na mvuke, na msimu wa baridi tunakutana Jumamosi alasiri katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa la Wamethodisti. Mapazia yanafungwa, projekta inawashwa, slaidi, vile vipande vya filamu ya picha, zinapita moja moja ukutani, na kila inayopita wazee wanashindana kusema injini ile ilikuwa namba ngapi, ilikuwa ya karakana gani, na ilikatwa chuma chakavu mwaka gani. Picha nzuri kwa sheria yao ni ile ambayo jua liko mgongoni mwa mpigaji, injini inakuja kwa mshazari, moshi umesimama wima, na hakuna binadamu. Akionekana mtu, hata kama ni kisigino tu, ukumbi mzima unapaza sauti kwa pamoja, "Ondoka hapo!" na aliyeleta picha ndiye anayeosha vikombe siku hiyo.

Mimi mwenyewe niliingia chamani kwa mlango wa nyuma. Niliolewa ukubwani na Harold Kershaw, mmoja wao, na alipofariki aliniachia nyumba, paka mmoja mwenye kiburi na dari iliyojaa slaidi. Nikaona heri nijue nimerithi nini. Mwanamke ni mimi peke yangu pale, na mpaka leo hawajanizoea. Wakinitania kwamba ninafuata biskuti, ninawakumbusha kwamba biskuti zenyewe nimezinunua mimi.

Wilf na Muriel walikutana kiwandani, yeye kwenye soli, Muriel kwenye cherehani. Matembezi yao ya kwanza alimpakia kwenye pikipiki yenye kigari cha pembeni, akampeleka mpaka Shap, kile kilima kirefu cha kaskazini ambako magarimoshi yalipanda yakikoroma huku injini ya pili ikisukuma kwa nyuma. Mvua iliwanyeshea kutwa nzima. Msichana mwingine angetafuta basi akarudi kwao. Muriel alijifunika turubai, akauliza linalofuata linapita lini. Wilf akajua amepata mke. Fungate walikwenda kula Carlisle, mji wa reli kushoto na kulia, na kiwandani hakuna aliyejisumbua kuuliza kwa nini.

Baada ya hapo kila likizo na kila Jumamosi ya jua walikuwa Shap, mpaka injini za mvuke zilipoondolewa. Muriel alibeba chupa ya chai na mikate ya jibini na achari. Alifika mahali pa kuweza kusema kwa sikio tu, garimoshi likiwa bado chini bondeni, kama lina injini ya kusukuma au halina, na Wilf mwenyewe alikiri kwamba mkewe alikuwa na sikio kumshinda. Hawakujaliwa watoto. Walizeeka pamoja katika nyumba ileile ya mawe karibu na kiwanda, na majira ya machipuko ya mwaka juzi moyo wa Muriel ulisimama akiwa jikoni, viazi bado viko motoni.

Wilf aliporudi chamani baridi ilipoanza, tulimpokea kama wanaume wa huku wanavyompokea mfiwa. Walimpa pole harakaharaka huku wakitazama viatu vyao, kisha wakamwonyesha picha. Mwisho wa mkutano alisimama akaomba kitu, na Wilf si mtu wa kuomba. Alisema angependa kuona picha za Shap, za ile miaka ya mwisho ya mvuke, kwa yeyote aliye nazo.

Basi ikawa kama bomba limepasuka. Wote walikuwa nazo, na wote walifurahi kwamba hatimaye wamepata cha kumfanyia. Neville Threlfall, mwenyekiti wetu, ambaye hufunga tai hata Jumamosi, alileta slaidi alizokuwa hajawahi kumwonyesha mtu. Mikutano kadhaa ikapita tukiwa Shap tu. Kulikuwa na Shap ya theluji, Shap ya jua la asubuhi, na mvuke mweupe dhidi ya mawingu meusi. Zilikuwa picha safi kweli, hata mimi nisiyejua kutofautisha injini na injini nilizipenda. Wilf alikaa mstari wa mbele, akasema asante kila zilipoisha, na kila alipotoka alionekana amenyong'onyea kuliko alivyoingia.

Mimi ninakaa upande wa projekta, kwa hiyo ninaona nyuso badala ya picha. Ndipo nilipogundua kwamba hatazami injini. Inapita injini ambayo wenzake wanaishangilia, yeye macho yako kwenye ukingo wa picha, kwenye uzio, kwenye nyasi. Siku hiyo nikamfuata jikoni alikokuwa anakausha vikombe.

"Wilf, unatafuta nini kwenye hizo picha?"

"Ninatazama tu."

"Usinifanye mtoto. Sasa hivi imepita injini ambayo Neville angeuza figo lake aipate, na wewe umekodolea macho uzio."

Alikausha kikombe kilichokuwa kimekauka zamani. "Namtafuta Muriel," akasema.

Akanieleza akiwa amenipa mgongo. Nyumbani alikuwa na picha ya harusi, ambayo binamu mmoja alimpaka Muriel poda na wanja mpaka mama yake mzazi akacheka. Alikuwa pia na ile ndogo ya kitambulisho cha basi cha wazee. Katikati hapakuwa na kitu. Injini alikuwa nazo maelfu.

"Nikifumba macho naona koti lake," akasema. "Naona mikono. Uso unaokuja ni wa uzeeni, na sisemi ni mbaya. Lakini yule wa Shap ameanza kunitoka, Avis. Kila siku anapungua."

"Na hukuwahi kumpiga hata moja?"

"Aliniomba siku moja. Pale darajani, jua limetoka vizuri. Nikamwambia filamu imebaki picha moja tu."

"Ukaipigia nini?"

Akanitajia namba ya injini. Aliitaja papo hapo, zote tarakimu, bila kusita, halafu akasikia alichokisema na akashika ukingo wa sinki.

Nilimkasirikia, siwezi kuficha. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia na marehemu Harold, na wote waliokuwa wanakunywa chai yangu upande wa pili wa mlango. Halafu nikamwonea huruma, na hizo hisia mbili zikakaa pamoja kifuani kwangu mpaka nikafika nyumbani.

Siku ya pili nilimwendea Neville kwake nikamwambia wamekuwa wakimletea yule mzee picha zisizofaa. Aliumia. Akasema zile ndizo bora alizo nazo. Nikamwambia ndiyo kasoro yake hiyo: zimekuwa bora kwa sababu Muriel alifukuzwa ndani yake. Kama wote walisimama kwenye uzio uleule siku zilezile, basi kuna siku Muriel alichelewa kuondoka. Picha za siku hizo ndizo Wilf anazozitaka.

"Zilizoharibika?" Neville akakunja uso. "Avis, mtu haaniki takataka zake mbele za watu."

"Unazo au huna?"

Alitazama dirishani kama mtu aliyeulizwa kuhusu nyumba ndogo. "Ninazo," akasema.

Wote walikuwa nazo. Mpiga picha wa garimoshi hatupi kitu. Anaona aibu tu, anazificha kwenye makopo ya biskuti darini, nyuma ya mapambo ya Krismasi. Mkutano uliofuata yalikuja makopo mengi, yamebebwa kwapani kama vitu vya magendo, na hakuna aliyemtazama mwenzake usoni. Wilf alikuwa ameshaambiwa. Alivaa suti.

Slaidi ya kwanza ilikuwa garimoshi la mizigo na, mbele yake, mguu. Mtu mmoja nyuma akaanza, kwa mazoea, "Ondo..." akalimeza. Slaidi chache zikapita, kisha ile tabia yao ya kushindana ikawashinda. Wakaanza kumtafuta Muriel kama wanavyotafuta injini. Mmoja akasema huyo siye, Muriel hakuwa na koti la kijani kabla mabehewa hayajabadilishwa rangi. Mwingine akapinga, akasema koti lilikuwepo, ila lilikuwa la dada yake, na yeye analikumbuka kwa sababu lilikosa kifungo. Nilishangaa. Watu hawa walioapa kwamba hawaoni binadamu kando ya reli walikuwa wamemwona miaka yote, mpaka vifungo.

Tukampata kidogo kidogo. Kitambaa cha kichwa nyuma ya moshi. Mkono wenye mkate. Mgongo unaopanda uzio, na soksi moja imeshuka. Kila mara Wilf alisema kwa sauti ndogo, "Ni yeye," akasogeza kiti mbele. Lakini uso haukuonekana. Ulikuwa umegeuka, au umekatwa na ukingo, au umefunikwa na mvuke. Makopo yakaanza kwisha, na nilimwona Neville akipunguza mwendo, anaogopa kufika chini.

La mwisho lilikuwa la Harold. Nililishusha darini mwenyewe, sikuwa nimelifungua. Karibu na chini kulikuwa na slaidi ambayo marehemu aliandika neno moja kwenye fremu yake ya karatasi, "Mbovu," akalipigia mstari mara mbili. Neville akaitumbukiza.

Injini ilikuwa ukungu mtupu. Mbele yake, katikati kabisa ya picha, Muriel anakuja akifuata uzio, ameshika kifuniko cha chupa kilichojaa chai kwa mikono miwili ili isimwagike, upepo umemfunua nywele. Ametutazama sisi, yaani amemtazama mtu aliye kando ya Harold, na anacheka. Ukingoni mwa picha yuko mtu huyo, Wilf kijana, kamera iko jichoni, na mkono wake mmoja ameunyoosha kwa Muriel, kiganja wazi, anamfukuza. Ilikuwa wazi kwamba Muriel alikuwa bado hajauona ule mkono. Harold alibonyeza mapema kidogo tu.

Hakuna aliyetaja namba ya injini.

Wilf aliinuka. Alisimama kando ya ukuta asizibe mwanga, akautazama uso ule kwa karibu, kutoka kidevu hadi nywele na kurudi. Alikuwa analia na hakujificha, na wale wazee, ambao kwa kawaida wangetafuta mahali pa kutazama, walimtazama.

Tatizo la slaidi ni kwamba taa ya projekta ni kali. Ikikaa sana chini ya mwanga inajikunja, rangi zinaungua. Neville alijua, sote tulijua, Wilf alijua kutuzidi. Neville alishika kitufe cha kuzimia, akakiachia, akakishika tena.

"Wilf, ndugu yangu," akasema mwisho, "itaharibika."

"Najua. Kidogo tu."

Tukangoja. Feni ya projekta ilikuwa inavuma. Muriel alikuwa anacheka ukutani na chai yake mikononi, na pembeni ule mkono umenyooka.

"Izime, Neville," Wilf akasema. "Isije ikaungua."

Neville akaizima. Tulikaa gizani na hakuna aliyekwenda kuwasha taa ya ukumbi. Kisha tukasikia Wilf akiuliza, kwa sauti ya kawaida kama anayeuliza saa, kama kuna yeyote aliyekuwepo siku ile anayekumbuka iwapo yeye Wilf aliinywa ile chai aliyoletewa.

Hakuna aliyekumbuka.