Ncha za Ringi

Niseme mapema kwamba kosa lilikuwa langu, na nililifanya kwa unadhifu mkubwa.

Kijiji chetu huku Muleba kilikuwa kinajenga ghala la kahawa la ghorofa moja, kwa mikono ya wanakijiji, kama tulivyojenga karibu kila kitu miaka ile ya ujamaa. Magunia yangekaa juu, mbali na unyevu. Chini wangekaa wanawake wa kuchambua buni, mama yangu akiwa mmoja wao. Mimi nilikunja ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushiwa nondo za nguzo. Sikusomea ufundi. Nilijifunza kwa kutazama, na kwa kitabu cha Kiingereza nilichoazimwa na padre, nikikisoma polepole kwa kamusi. Ncha za kila ringi nilizipima kwa skwea ya seremala hadi zikasimama wima kabisa. Fundi mkuu, mzee wa Nshambya, alisema siku nikichumbia nitampima binti wa watu kwa skwea.

Alasiri, siku moja kabla ya kumwaga zege, nilifika kwenye mchoro wa ringi kitabuni. Ncha zake zilikunjwa zaidi ya zangu, zikaelekea ndani kwenye moyo wa nguzo. Nilisoma maelezo mara tatu. Nguzo ikilemewa au ardhi ikitikisika, zege la nje hubanduka kwanza. Ncha iliyolala kwenye ganda hilo hufunguka, nondo hupinda kwenda nje, nguzo husagika. Ncha iliyozama ndani huendelea kushika.

Rubisi ya wafanyakazi ilikuwa imeshakamuliwa, na pombe ya ndizi haiahirishwi, ikiiva hunywewa. Kazi ikivunjika, kijiji kizima kingekunywa huku kikinitaja. Nakiri nilijificha nyuma ya rundo la mchanga nikijiambia kwamba kitabu kile ni cha nchi nyingine. Nikiwa pale, nikamsikia mama na jirani yake wakibishana kwa furaha nani atakaa karibu na dirisha ghala likiisha.

Nikaenda kwa fundi mkuu, nikamwonyesha mchoro. Alisukuma ncha moja kwa kidole gumba.

“Nani mwingine anajua?”

“Hakuna.”

“Basi ungeweza kunyamaza.”

“Nimejaribu, waitu, mzee wangu. Nimeshindwa.”

Akacheka hadi akakaa chini.

Asubuhi watu walipokuja na makarai, aliwaambia zege lisubiri, leo tunakunja. Nilitegemea manung'uniko. Lakini wazee waliozoea kujenga misonge ya nyasi walizikagua ringi zangu wakashangaa. Mmoja akaniuliza, “Mwanangu, hata ukifunga mzigo wa nyasi, unaacha ncha ya kamba nje?” Walishika vipande vya bomba, wawili kwa kila nguzo, wakavivisha kwenye ncha na kuzikunja zikaingia ndani. Mimi nilipita nyuma yao nikikagua, na walinivumilia kuliko nilivyostahili.

Rubisi ilinywewa kwa wakati wake, tena baada ya kazi kweli. Jioni fundi mkuu aliniuliza kama sasa nimeridhika. Nilimwambia ndiyo, ila kuna ringi mbili upande wa ziwani ningependa kuzitazama tena. Akanipa kipande cha bomba mkono mmoja na kibuyu mkono wa pili, akasema nianze na ninachopenda.

Nilianza na bomba. Zote mbili zilikuwa sawa.