Tempo ya Nobert

Pale Bwera, kwenye majengo mapya yanayoelekea mpaka wa Uganda na Kongo, mafundi walimwita Nobert kwa jina la Tempo. Alikuwa mwashi, mtu wa Bugoye, mrefu, mikono imechubuliwa na saruji, na Jumapili aliongoza kwaya ya kanisa la kwao. Neno hilo alilipata sekondari, mjini Kasese, kwa mwalimu wa muziki aliyeandika ubaoni kwamba tempo ni kasi ya wimbo. Si ukubwa wa sauti, si nguvu za mwimbaji, ni kasi tu. Nobert alitoka nalo darasani, wala hakulitumia kwenye kwaya tu.

Wenzake walilijua kutoka kwenye matangazo ya mpira, ambako timu huambiwa iongeze tempo, na kwao lilikuwa na maana ya haraka. Nobert hakukubali. Aliyemwambia kwamba kazi fulani haina tempo alijibiwa kwamba inayo, ila ni ya polepole, na huenda ndiyo inayoifaa. Mkewe Sylivia akisonga ugali wa muhogo kwa hasira, aliulizwa tempo ile ameitoa wapi. Hata mhubiri mgeni aliwahi kushauriwa, kwa heshima, kwamba sala yake ilikuwa nzuri ila aliikimbiza.

Badiru, aliyemchanganyia saruji kwa miaka mingi, hakuacha kumtania.

"Fundi, saruji haijui kuimba."

"Ndiyo maana nimekuita wewe uiimbie," Nobert alijibu, na koleo likaendelea kwa mwendo uleule mpaka ukuta ukafika usawa wa madirisha.

Huko kwao Bugoye, nyumba ziko chini karibu na mto Mubuku, na makaburi ya ukoo yako juu mlimani, ng'ambo ya mashamba ya kahawa. Jeneza hupandishwa mabegani, kwaya ikitangulia, na wabebaji hukanyaga kwa kufuata wimbo. Wimbo ukishaanza haukatizwi mpaka kaburini, kwa kuwa ukikatika wabebaji nao husimama, na marehemu hulazwa njiani kama mzigo wa sokoni. Hakuna familia inayotaka kuusikia msiba wake ukisimuliwa hivyo. Nobert alipanda kinyumenyume, uso kwa wabebaji, akitazama miguu yao, na wimbo wake uliwafikisha wengi salama.

Kisha figo zake zikashindwa. Biira, dada yake mdogo na mwimbaji wa kwaya yake, ndiye aliyekaa naye hospitalini Kasese, akimsomea Zaburi na kumlowanisha midomo kwa kitambaa. Asubuhi moja Nobert alimwambia kwamba atakayeongoza ni yeye. Hakusema kuongoza nini. Biira aliitikia, akatoka nje, akalia akiwa ameuelekea ukuta. Wiki hiyohiyo Mungu akamchukua Nobert.

Mama yao, Edisa, ana miguu inayovimba na pumzi fupi. Siku ya mazishi baba mdogo Eridadi alikuja na wazee wa ukoo kumweleza kwamba abaki nyumbani, kwamba mlima ule utammaliza, na kwamba Mungu anajua moyo wake hata akiwa ameketi mkekani. Edisa aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba viatu vyake.

"Baba yake nilimsindikiza mpaka juu," alisema. "Huyu nilimzaa."

Biira alimvalisha viatu, akamwahidi kwamba atamfikisha.

Wingu lilikuwa limeshashuka kutoka milima ya Rwenzori. Mchungaji Caleb alifupisha mahubiri, akamnong'oneza Biira kwamba heri wapande kabla ya mvua. Biira akaanzisha wimbo, na hapohapo akakosea. Aliuanzisha kwa kasi ya Jumapili, ile ambayo kwaya ilizoea kuiimba Nobert akiwa hai mbele yao. Tena alipanda akitazama mbele, kwa maana kuliangalia jeneza kulimshinda. Wabebaji hawakulalamika, mzigo huwa afadhali ukienda upesi, na waombolezaji walivutwa na wimbo. Mlima ulipoanza kuwa mkali aligeuka. Aliwaona Sylivia na watoto, akaona nyuso za majirani. Mama hakuwepo. Alikuwa chini kabisa, ameshika mti wa kahawa, na jirani yao Ronah akimpepea kwa leso.

Kukatiza wimbo hakukuwezekana. Biira akaanza kupanda kinyumenyume, na kila mstari akauvuta kidogo kuliko uliotangulia. Kwaya ilisita, kisha ikamfuata. Aliyetangulia kati ya wabebaji alikuwa Nzanzu, mtu wa Beni, ng'ambo ya mpaka, aliyejenga pamoja na Nobert pale Bwera. Jasho lilimwingia machoni.

"Dada, iko nzito," alisema. "Ongeza tempo, mvua inakuja."

Biira hakuwa na pumzi ya kumjibu pembeni, basi akajibu ndani ya wimbo, palipopaswa kuwa na mstari mwingine.

"Mama hajafika," aliimba.

Kwaya, kwa mazoea ya kuitikia, ikaimba nayo kwamba mama hajafika. Nzanzu aligeuza shingo akaona. Akainua mguu, akausubiri wimbo, akaukanyaga chini. Mvua iliwakuta hapo, ikawapiga mabegani, maji yakichuruzika kwenye mbao za jeneza, na hakuna aliyekimbia.

Edisa alipanda. Alipowafikia aliweka kiganja kwenye ubao wa nyuma wa jeneza, na kutoka pale Biira hakuitazama tena miguu ya wabebaji, alitazama ya mama yake. Mguu ule uliovimba ukiinuka, mstari uliendelea. Ukikwama, sauti ilisubiri juu ya neno lilelile, na jeneza likasubiri.

Kaburini wimbo ukakoma. Wakalitua jeneza kwenye udongo uliolowa, na mchungaji akafungua Biblia chini ya mwavuli. Biira alimshika mama yake kiuno, akamwambia kwamba wamefika.

"Naona," Edisa alisema. "Mbona upesi hivyo?"

Kamba zilikuwa tayari na wanaume walikuwa wakingoja. Kiganja cha mama kilikuwa bado juu ya ubao, na iliwabidi Biira na Sylivia wakiondoe wenyewe, kidole baada ya kidole, huku wakimwomba Mungu awasamehe.