Ubavu wa Dafroza

Mwaka 1994, akichuma kahawa, Dafroza aliona damu kwenye kifundo cha mguu wake. Siafu walikuwa wamemng'ang'ania hadi gotini, naye hakusikia hata mmoja. Akawabandua mmoja mmoja. Tangu masika mgongo ulimuuma, akadhani ni mikungu ya ndizi aliyoibeba miaka yote pale kihambani, shamba la nyumbani kwao. Sasa alijua kuna kingine.

Mumewe, Thadeus, akamshusha hospitalini Moshi. Picha ikaonyesha kifua kikuu kimekula pingili mbili za uti wa mgongo.

"Kifua kikuu? Mbona hata sikohoi?" Dafroza akauliza. Akaambiwa huingia hata mifupani.

Akalazwa, akaanzishiwa dawa. Wiki ya tano miguu ikafa ganzi kabisa, mkojo ukawa unamtoka bila yeye kujua.

"Usaha unabana mishipa ya fahamu," alisema Daktari Gidioni. "Tutapita ubavuni tuusafishe, kisha tukate kipande cha ubavu wako tuzibe palipoliwa."

"Na nisipoamka?"

Daktari hakukwepa. "Hutokea, mama, mara chache. Lakini tukingoja, miguu haitarudi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikwisha kumnong'oneza kwamba anayepasuliwa mgongo hurudi kwao kwenye sanduku. Dafroza akamshika mumewe mkono. "Baba Eliza, nirudishe nyumbani. Nikafie migombani."

Thadeus akaufinya mguu wake kwa nguvu. "Unasikia?"

"Sisikii."

"Basi mimi naogopa hili kuliko kisu."

Dafroza akatia sahihi, herufi zimepinda. Chumba cha upasuaji kilikuwa na baridi, meno yakamgongana. Rozari yake manesi walishaichukua, akahesabu Salamu Maria kwa vidole. Hakufika ya saba.

Alipozinduka, ubavu ulimwaka moto na mpira wa kutolea damu na maji ulimtoka kifuani. Yuko hai. Lakini siku tatu nzima hakuthubutu kujaribu kuchezesha miguu, wala kumuuliza mtu. Kutojua kulikuwa afadhali.

Siku ya nne nesi Violet alikuwa akimwogesha.

"Maji ya baridi hayo!" Dafroza akafoka.

Violet akasimama na kitambaa mkononi. Alikuwa akimwosha unyayo.

Dafroza alikaa wodini miezi kadhaa, na dawa akameza zaidi ya mwaka. Krismasi ya mwaka uliofuata alipanda kilima kwenda misani kwa magongo mawili, Thadeus nyuma yake, mikono tayari kumdaka. Kila hatua aliogopa. Akafika, akakaa benchi la mwisho, jasho likimtiririka.