Ufunguo wa Pili

Baba alipofariki aliniachia duka la rangi na misumari mjini Isiolo, pamoja na landrova iliyonizidi umri. Duka nilijua nitalifanyia nini. Landrova ilinishinda. Ilikunywa mafuta bila aibu, breki ya mkono haikushika hata kidogo, na mlango wa abiria ulifunguka kwa kupigwa goti. Ndugu zangu kule Meru walinishauri niiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Lakini nikikaa kwenye kiti cha dereva nilikuwa bado nanusa tumbaku ya baba, na sikuwa na kitu kingine chake chenye harufu hiyo. Nikawaambia wauze vya kwao.

Sikujua kwamba mjini kuna chama cha wenye magari ya zamani mpaka mwenyekiti wake aliposimama mbele ya duka langu. Ni dereva mstaafu wa serikali, mwenye kofia ambayo sijawahi kumwona akiivua. Aliizunguka landrova, akainama kuchungulia chini yake, akagonga boneti kwa vidole, ndipo akakumbuka adabu.

"Habari, mama. Hii ndio gari ya marehemu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Imekaa vibaya."

"Imekaa vile alivyoiacha."

"Ndio nasema imekaa vibaya. Baba yako tulimbembeleza miaka na miaka aingie chama, akakataa. Wewe utaingia?"

Mimi ni mfanyabiashara. Nikiambiwa ingia, nauliza bei. Akanitajia ada ya kuingia, mchango wa kila mwezi wa kununulia vipuri kwa jumla kutoka Nairobi, na pesa kidogo ya chai. Tulibishana pale mlangoni hadi wateja wawili wakajihudumia wenyewe. Ada nilipunguziwa. Chai nilikataliwa katakata, eti hakuna mtu mjini hapa amewahi kupunguziwa chai.

"Halafu unaleta ufunguo wa pili," akasema, kana kwamba ni jambo dogo.

"Ufunguo wa pili wa nini?"

"Wa gari. Ada ni ya vipuri tu, mama. Ufunguo ndio uanachama."

Basi akanieleza. Kila mwanachama hutoa ufunguo wake wa akiba. Funguo zote hutiwa ndani ya sufuria, na kila mmoja huchota wa mwenzake, anakaa nao hadi mwaka uishe. Watu wa chama hiki ni wasafiri, leo yuko Merti na mifugo, kesho yuko Nairobi hospitalini na mgonjwa. Gari likibaki nyuma, aliyeshika ufunguo ndiye mwenye gari. Likihitajika kuokolewa, haombi ruhusa.

"Na akilichukua kutembelea mashemeji?"

"Akichukua bila sababu tunamtoa."

"Hiyo sababu inapimwa na nani?"

"Na yeye mwenye ufunguo."

Hapo nilielewa kwa nini baba alikataa. Baba alikuwa mtu wa kufunga hata kabati la chumvi. Mimi pia ningekataa, ila landrova ilikuwa inahitaji kipuri cha usukani ambacho chama peke yake kilikuwa nacho, na mwenyekiti alijua hivyo, ile kofia yake si bure. Nikalipa. Nikatoa ufunguo kama mtu anayeng'olewa jino.

Siku ya kura ufunguo wangu ulichotwa na mzee mmoja Mborana, mfanyabiashara wa mbuzi, mrefu, mwenye landrova nyeupe safi kuliko sahani zangu. Alikuwa hasemi sana. Nilimwendea nikampa maonyo yote.

"Mzee, breki ya mkono haishiki. Ukisimamisha lazima uweke jiwe kwa gurudumu."

"Jiwe," akasema.

Akaufunga ufunguo kwenye leso, akaendelea na chai yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu kwa miezi kadhaa. Mimi kwa upande wangu, kila nikisikia injini barabarani nilikuwa natoka dukani na brashi mkononi kuhakikisha landrova iko.

Siku moja nikapanda Meru kwenye harusi ya binti wa kaka yangu. Sikwenda na landrova. Mtu hapandi mlima ule na breki za kubahatisha huku amevaa nguo ya harusi. Niliiacha mahali pake, kando ya duka, karibu na mtaro. Tulikuwa tumefika kwenye kulishana keki simu yangu ilipolia. Alikuwa jirani yangu wa dukani, dada wa Kisomali anayeuza vitambaa.

"Salaam aleikum, dada. Mvua imetumaliza huku. Maji imeshuka kutoka kwa mlima, imejaa kwa barabara yote."

"Woi, pole sana. Na kwangu?"

"Kwako duka iko sawa, si iko juu ya ngazi?"

"Na gari?"

"Gari haiko, dada."

"Imebebwa na maji?"

"Sijui. Nilifunga mapema nikaenda nyumbani. Nimerudi sai, nikaona haiko."

Nilitoka nje ya hema la harusi na sahani yangu ya pilau. Landrova si sufuria, haibebwi na mtaro. Kuna mtu aliyeiwasha, na mwenye ufunguo ni mmoja. Nikampigia mwenyekiti, simu imezimwa. Nikampigia mzee, akapokea mwanamke.

"Nagaa?" akanisalimia.

"Nagaa," nikajibu. Kiborana changu kilikuwa kinaishia hapo. "Mzee yuko?"

"Mzee Korbesa."

"Ameenda Korbesa?"

"Korbesa, eeh."

"Na gari? Gari yangu iko wapi?"

"Gari!" akasema kwa furaha. "Gari, mama! Gari!"

Nikajumlisha mwenyewe. Mzee Korbesa, gari Korbesa. Korbesa ni mbele ya Merti, barabara ya mawe na mchanga inayotoa jasho malori mapya, na mvua ilikuwa imenyesha. Niliiona landrova ya baba imezama hadi milangoni, mbuzi wamejaa nyuma wanakula viti. Hasira ikanipanda. Nilimwambia yule mama kwamba mume wake ni mwizi mwenye adabu. Nilimwambia nikikuta mkwaruzo mmoja nitawaburuta wote wawili hadi kwa chifu. Kila niliposimama kuvuta pumzi, yeye aliingiza neno lake kwa upole, "Gari, mama. Gari." Nikaona ananidhihaki, nikakata simu. Shangazi zangu walikuwa wamesimama nyuma yangu wanasikiliza kama redio.

Asubuhi iliyofuata niliteremka Isiolo nikiwa nimeamua. Nitadai ufunguo wangu, nitadai ada yangu, na chama nitakiaga hadharani nikiwa nimesimama juu ya kiti. Nilikuwa najipangia maneno ndani ya matatu, lakini chini ya maneno hayo nilikuwa naogopa tu. Kama landrova imepotea, baba amepotea tena, na safari hii ni mimi niliyempa mtu ufunguo.

Nilipofika, alama ya tope kwenye ngazi za duka ilinifika kiunoni. Pale landrova inaposimama palikuwa na matawi, ndala moja na kiti cha plastiki cha mtu nisiyemjua. Nikasimama napatazama. Kama ingekuwa pale, maji yangeingia hadi kwenye usukani.

Mwenyekiti akatokea na buti za mpira na kofia yake.

"Mama, mbona unalia?"

"Silii. Nimekasirika."

"Haya. Kasirika ukitembea, twende msikitini."

Uwanja wa msikiti uko juu, maji hayafiki. Landrova ilikuwa humo, pua ikielekea lango, tope kwenye magurudumu tu. Chini ya kila gurudumu palikuwa na jiwe, hata yale ambayo hayakuhitaji. Nikapiga mlango goti, nikapanda, nikanusa. Tumbaku ilikuwepo. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na mto wa sebuleni wenye maua mekundu.

"Huu mto wa nini? Mzee na urefu ule?"

"Nani amekuambia ni mzee? Mzee alienda Korbesa na lori ya mbuzi. Ufunguo na simu aliacha kwa mke wake. Mama aliona wingu kwa mlima, akakuja na mwavuli na huo mto, akaiwasha, akaipandisha hapa. Halafu akasimama kwa lango mpaka mvua iishe."

"Sasa kwa nini nikimuuliza ananiambia gari, gari?"

Mwenyekiti alinitazama, kisha akaanza kucheka mpaka akashikilia tairi.

"Alikuambia *gaari*, mama! Ni Kiborana. Ni kusema nzuri, iko salama."

Nilibaki nimeketi juu ya ule mto nikikumbuka mwizi, chifu na mkwaruzo, na kila tusi lilivyojibiwa kwa habari njema. Nikacheka hadi machozi, na nusu ya machozi hayo yalikuwa ya aibu.

Mkutano uliofuata nilibeba sukari na majani ya chai, nikamsihi mzee aje na mkewe. Alikuja, mama mfupi, mnene kidogo, mwenye shali ya manjano. Nikasimama nikasema kwamba aliyeliokoa gari langu ni yeye, kwa hiyo awe mwanachama. Wanaume wakaanza kukohoa. Sheria, wakasema, ni lazima mwanachama awe na gari lake mwenyewe. Nikawauliza sheria ilikuwa wapi wakati maji yanashuka. Kelele zikawa nyingi, mpaka mzee akainua mkono.

"Gari anayo," akasema. "Ile nyeupe ni yake. Ilinunuliwa na ng'ombe yake. Mimi naendesha tu."

"Miaka yote hii unatuambia gari yangu, gari yangu?" mwenyekiti akamaka.

"Hamkuuliza."

Mtu mmoja akasema basi mzee ndiye atoke. Tukacheka, mzee mwenyewe akicheka kuliko wote, na baada ya kuvutana ikaamuliwa abaki kama dereva wa mwanachama, lakini chai alipe.

Mwaka wa funguo ulikuwa umeisha na kila mtu amerudishiwa wake, basi sufuria likaletwa. Yule mama akafungua ncha ya shali yake, akatoa ufunguo wa akiba wa landrova nyeupe, akalipita sufuria na kuja mpaka mbele yangu.

"Wewe shika yangu."

"Mama, ni kura," mwenyekiti akajaribu. Yule mama hakugeuka hata kumtazama.

"Mama," nikamwambia, "mimi ndiye niliyekutukana kwa simu. Sikuelewa ulichokuwa unasema."

"Mimi nilielewa wewe." Kiswahili chake kilikuwa cha polepole lakini kimenyooka. "Mwizi. Chifu. Mkwaruzo. Nilisikia yote. Kuelewa naelewa. Lakini mtu akipiga kelele kwa simu, Kiswahili yangu inatoroka."

Nilitamani sakafu inifunike.

"Na bado unanipa?"

"Ulilia juu ya gari ya baba yako. Hata ukitukana, ulikuwa unalia, nilisikia. Na yangu pia utaangalia hivyo."

Nilipokea ufunguo kwa mikono miwili. Nilitaka kusema asante, nikaanza kulia. Akaniwekea mkono begani, akasubiri nimalize.