Njiti za Mzee Nestori

Saa moja asubuhi, Jumamosi, kabla hata ya chai, Nestori Ntahondi ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake Kasekese, wilayani Tanganyika. Mguu wa kushoto ameuweka juu ya goti la kulia. Mkewe, Lidia, anaufungua bandeji taratibu.

Nestori anatoa njiti ya kiberiti. Anaisogeza karibu na kidonda kilicho chini ya kidole gumba, bila kukigusa, anaikata kwa kucha ilingane nacho, kisha anaichomeka kwenye ufa wa ukuta wa udongo. Ni njiti ya kumi na moja, moja kila Jumamosi. Ya kwanza ilikuwa nzima.

"Baba Arcade, ya leo vipi?" anauliza Lidia.

"Imepungua. Kidogo sana, lakini imepungua."

Nestori ana miaka 58, na kazi yake ni kupanga madaraja ya tumbaku. Msimu ukifika, wakulima humkalisha mbele ya lundo la majani makavu, naye huyachambua moja moja: la njano huku, la kahawia kule, lililoungua pembeni. Kwa siku hupata shilingi elfu nane. Msimu ukiisha, basi tena.

Ila kinachomfanya atafutwe ni kingine. Mkulima hathubutu kutoa mzigo kwenye bani, ile nyumba ya kukaushia, mpaka Nestori apewe jani, alisokote kwenye gazeti, avute, atamke kama limekauka mpaka kwenye uti wa katikati. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache kuvuta ni kama kumwambia mpishi asionje mchuzi.

Miaka minne iliyopita kipimo cha sukari kilisoma 17. Kisukari aina ya pili. Siku hiyohiyo aliacha sukari, hata chai ya kanisani akaikataa. Saa nne, wenzake wakinywa chai, yeye akawasha sigara.

"Niliambiwa ugonjwa wa sukari. Sasa sigara ina sukari wapi? Nikajiona mjanja!" Anacheka, halafu kicheko kinakatika. "Na njaa ilikuwa inatulia kabisa. Hapo ndipo nilipojimaliza."

Oktoba mwaka jana alikanyaga mwiba, akatembea nao siku mbili bila kusikia maumivu. Kidole kidogo cha mguu huo kikakatwa. Februari kikatokea kidonda hiki cha sasa. Muuguzi wa kliniki ya kisukari mjini Mpanda, Vestina, hakumbembeleza.

"Baba, moshi unabana mishipa, damu haifiki chini. Dawa unakunywa, halafu unaizibia njia. Ukiendelea hivi, safari ijayo hatutakata kidole."

Maneno hayo hayakutosha. Nestori anakiri kwamba kuacha kulimtisha kuliko hata kisu. Mwishowe aliacha, wiki ileile alipochomeka njiti ya kwanza. Njaa ilirudi kwa fujo. Vijana wa kwenye mabani walimzomea: "Mzee, umeokoka lini?" Na nani angemwita tena kwenye bani lake?

Wiki ya sita alikuja jirani yake, Shadrack, na jani mkononi. "Mzee, pafu moja tu, natoa mzigo kesho." Nestori akavuta. Lile pafu moja likawa siku nne za sigara, sigara juu ya sigara.

Njiti ya sita ukutani ni ndefu kuliko ya tano. Lidia alitaka kuing'oa, mumewe akamkatalia.

"Nilimchukia, nisikufiche," anasema Lidia. "Niliingia jikoni nikalia. Nilishamwona kwenye magongo."

Leo, saa tatu, Shadrack anamsubiri tena mlangoni pa bani. Anamkabidhi jani na kipande cha gazeti. Nestori anapokea jani, gazeti halipokei. Analisogeza jani sikioni, anaukunja uti polepole. Unavunjika, ka! Anachukua jani jingine, la kona ya chini. Uti wa hilo unajikunja tu, hauvunjiki.

"Huku chini bado. Ongeza moto mpaka kesho."

"Mzee, hata hujavuta! Ukikosea je?"

"Nikikosea utakausha upya. Mguu haukaushwi upya, Shadrack."

Shadrack analikunja gazeti lake, analitia mfukoni, anakwenda kuchukua kuni. Nestori anasogea mbali na mlango. Anasema harufu ya bani bado inamwita kwa jina.

Msimu ujao anataka shamba lake mwenyewe lipandwe alizeti, japo nusu eka kwa kuanzia. Kazi ya madaraja ataendelea nayo, maana hana nyingine.

Mchana, akiwa amerudi kwenye kigoda chake, anazitazama zile njiti kumi na moja ukutani.

"Jumamosi nitakayokosa cha kupima, nitauziba ufa huo kwa udongo," anasema. "Zote zibaki humo humo, na ile ya sita. Halafu nitavaa viatu, vyote viwili, niende kanisani."