Maji Yaliyokwenda Msibani

Mashauri alishika mpira wa zimamoto Kibaha miaka mingi, na hakuna moto wa Maili Moja uliowahi kumtia kiwewe. Sasa wakampandisha cheo, wakampeleka upande wa Kisarawe awe mkuu wa kituo. Kituo chenyewe jina tu: gari moja, vijana wachache, na bomba linalotoa maji siku likijisikia. Kazi ya mkuu kuisema ni rahisi: gari lisikae bila maji. Basi. Mengine vijana wanayajua.

Jumamosi moja, mabomba yakiwa makavu wiki nzima, akaja Mzee Ally, jirani wa kituo. Amefiwa na dada yake.

"Shikamoo, mzee. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Maiti haijaoshwa. Tusaidie maji kidogo."

Haya, wewe ungesemaje? Mgeni, Msukuma wa watu, hata mwezi hujamaliza, umnyime mtu maji ya kuoshea maiti? Akiwa Kibaha, Mashauri angemtazama mkuu wake, mkuu angekataa, naye angerudi ndani na moyo mweupe. Huku mkuu ni yeye.

"Peleka gari msibani, toa robo ya tangi tu," alimwambia dereva, Ashrafu.

Robo! Jamani, msibani kuna robo? Maiti ikaoshwa, sawa. Yakafuata masufuria ya pilau, wakafuata wa kutawadha, kina mama na ndoo, mwingine kaviringisha pipa zima. Nani awafukuze watu wenye kilio? Ashrafu akapiga simu: "Afande, bado wanachota." Mashauri akamwambia asubiri kidogo. Asubiri nini, hata yeye hakujua.

Alasiri simu ikalia tena. Nyumba ya Siwema, fundi cherehani, inawaka, mtaa wa pili tu kutoka msibani. Mashauri na vijana wakakimbia kwa miguu, na gari kutoka msibani likafika upesi kuliko kwenye moto wowote aliowahi kuuendea. Vijana wakakunjua mpira, wakafungua. Maji yakaruka, yakakohoa, yakakata.

"Zimamoto hao! Mmekuja kuota moto?" watu wakazomea. Na wengi wao walikuwa wametoka msibani, wameshiba pilau ya maji yaleyale!

"Afande, tufanyeje?" Ashrafu aliuliza, na vijana wote wakamgeukia. Mashauri alikuwa ameshaomba gari la Kibaha, nalo liko mbali. Wakarusha mchanga, moto haukuwajali. Mle ndani zilikuwamo cherehani za Siwema na nguo za Idi za mtaa mzima. Aliona aibu, na amri ya kutoa hakuwa nayo.

Paa lilipoanguka alimwendea Siwema, aliyekaa chini, kanga imemteleza begani.

"Mama, nisamehe. Maji niliyatoa msibani, kwa kauli yangu mimi."

"Najua, baba," Siwema alisema, bila kuondoa macho kwenye moto. "Na mimi nilikuwa kwenye foleni. Nilirudi mara tatu."