Madumu Matupu Mwembe Tayari

Hapa Mombasa hatununui dumu kuukuu bila kulinusa kwanza. Juzi Mwembe Tayari, mama mmoja aliinamia mdomo wa dumu la manjano, akanusa kama anayechagua udi.

"Lilitiwa nini hili, kaka?"

"Maji tu, mama," akajibu muuzaji, bwana wa bara aliyeteremka na basi la asubuhi na rundo la madumu. "Maji ya mto wa kwetu."

"Basi mbona wauza?"

"Shamba la maua linavuta mto wote kwa pampu. Sisi tulio chini yake tumebakiwa na mchanga. Majirani wamenipa madumu yao niwauzie."

Mama akafurahi kupata dumu safi. Akalipa, akaenda zake kupanga foleni kwa muuza maji, kwani mfereji wa kwake nao umekauka.

Safu hii ya gazeti hulaumu wakubwa kila wiki. Siku hiyo mkononi nilikuwa na shada la waridi la harusi ya mpwa wangu, mashina yamefungwa kwa pamba iliyoloa. Nikataka kulificha mgongoni, nikachelewa. Yule bwana akaigusa pamba kwa kidole.

"Ongeza maji, mzee," akaniambia kwa upole. "Maua haya hayavumilii kiu."